Kabla ya Mkonga, Kwanza Breki

Yafuatayo ni mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni.

Ndugu msikilizaji, mwezi Oktoba 2024 jiji letu la Arusha lilikusanya Land Rover zaidi ya 1,000 mahali pamoja, kwa nia ya kuipita rekodi ya magari 632 iliyowekwa nchini Ujerumani mwaka 2018. Zilikuja za kila umri na kila rangi. Zilikuwapo zilizong'arishwa kama za bwana harusi, na zilikuwapo zilizokuja na vumbi lao la porini. Watu walishangilia, wakapiga picha, na watoto wakapewa nafasi ya kushika usukani.

Mimi wiki hii sitaki kuzungumzia sherehe. Nataka kuzungumzia gari lenyewe baada ya sherehe kwisha. Nataka tuzungumze habari ya mtu anayenunua gari kuukuu la kuvuta kwa magurudumu manne, iwe Land Rover 109, 110, Defender, au Land Cruiser ya mkonga, akalipeleka kwa fundi na kusema: "Nitengenezee. Jumatatu mpaka Ijumaa liwe la kazini na la kupeleka watoto shule, Jumamosi liwe la porini." Ombi hilo ni zuri, na Arusha wapo mafundi wa kulitimiza. Lakini lina jambo ndani yake ambalo aghalabu halisemwi pale gereji, na jambo hilo ni la uhai wa watu.

Hebu kwanza tujiulize kwa nini Arusha. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, chuma cha pua kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo nchini Uingereza, na kwa hiyo bodi yake ikatengenezwa kwa aluminiamu. Land Cruiser ya Toyota ilifuata mwaka 1951. Magari hayo mawili yakaja kwetu yakiwa ya shamba, ya serikali, ya misheni na ya wawindaji. Tangu mwanzo watu wa hapa hawakuyaacha kama yalivyotoka kiwandani. Wale waliotazama filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962 na kupigwa katika mkoa wetu, pamoja na kule Momella, wanakumbuka kiti kilichofungwa mbele ya gari, akakaliwa na mtu mwenye kamba ya kumnasa mnyama. Hayo nayo yalikuwa marekebisho.

Kisha ikaja Februari 1977. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Watalii waliokuwa wakiletwa na magari ya Nairobi hawakuja tena kwa njia hiyo. Vipuri vikawa adimu nchi nzima. Fundi wa Arusha wa wakati ule hakuwa na duka la kukimbilia, bali alikuwa na jalala la magari mabovu, mtungi wa gesi, na akili yake. Alichonga bushi kwa mpira wa tairi, alitoa springi ya gari moja akaipanga kwenye jingine, na gari likaenda. Ule ndio uliokuwa ufundi wa kuhangaika, na ndani yake mlikuwa na elimu kubwa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Leo ufundi huo umekuwa biashara. Tembea Unga Limited, pita Njiro, elekea Kisongo, utakuta Land Cruiser pikapu imekatwa katikati, chesisi imerefushwa, bodi mpya imejengwa juu yake, viti saba vimepangwa, na paa la kuinuka limewekwa ili mgeni asimame aangalie simba. Fundi wa nchi nyingine akiambiwa kwamba kazi ile imefanywa nje ya kiwanda cha magari, anaweza asiamini. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, nisieleweke kwamba nawadharau mafundi wetu. La hasha. Ninachosema ni kwamba fundi hufanya anachoagizwa, na tatizo linaanzia kwa mwenye gari anayeagiza.

Mwenye gari anaagiza nini? Anaagiza kinachoonekana. Anataka gari liwe juu, tairi ziwe kubwa, mkonga uchungulie pembeni ya kioo, ngao iwe mbele, keria juu, na taa sita za kumulika. Akipita Mnara wa Saa watu wageuke. Sijamsikia mtu akijisifu barazani kwamba amebadilisha mafuta ya breki. Na hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu: katika gari, kila unachoongeza kuna unachopunguza. Ukiongeza urefu wa kwenda juu, umepunguza utulivu kwenye kona. Ukiongeza uzito, umepunguza uwezo wa kusimama. Gari ni kama mizani ya sokoni, ukiweka jiwe upande mmoja, upande wa pili hauwezi kubaki pale pale.

Tuanze na gari lenyewe kabla halijaongezwa chochote. Gari la miaka 25 au 30 limekwisha kufanya kazi ya watu wengine. Kabla ya kulipandisha, lilaze. Maana yangu, mwambie fundi alale chini yake na nyundo ndogo, agonge chesisi hatua kwa hatua, akisikiliza mahali sauti inapobadilika. Wengi wanadhani Land Rover haipati kutu kwa sababu bodi ni aluminiamu. Bodi ni aluminiamu, lakini chesisi ni chuma, na chesisi huoza kutoka ndani, mahali ambapo matope yameingia na hayakutoka. Isitoshe, pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu nayo huliwa. Wanaokwenda Ziwa Natron wajue kwamba matope ya magadi ni adui wa chuma, na gari likirudi lioshwe chini kwa maji mengi ya kawaida siku hiyo hiyo, lisingoje Jumamosi nyingine.

Baada ya chesisi, tazama bushi, tairodi, bearingi za magurudumu, springi na shokapu. Tazama rejeta na mipira yake. Arusha tuko kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya meta 2,200. Hewa huku juu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo, kama ile 1HZ ya Land Cruiser yenye silinda sita na ukubwa wa lita 4.2, hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa ajili hiyo tu. Kwa hiyo gari lililokuwa jepesi Tanga litakuwa zito hapa, na kila kilo unayoiongeza utaisikia kwenye kilima.

Sasa tufike kwenye breki, maana hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Jiografia yetu ni ya miteremko. Ukitoka Ilboru unashuka. Ukitoka Ngaramtoni kuja mjini unashuka. Ukirudi kutoka Karatu unashuka mlima wa Mto wa Mbu. Ukiingia kreta ya Ngorongoro kwa njia ya Seneto unashuka kiasi cha meta 600 kwenda chini. Tarehe 24 Februari 2024, pale Kibaoni, Ngaramtoni, lori lililoelezwa kuwa lilikatika breki liligonga magari mengine matatu, na watu 25 wakapoteza maisha. Lile lilikuwa lori kubwa, na silifananishi na gari la familia. Lakini mteremko ni ule ule, na barabara ni ile ile tunayopita sote. Mteremko hauulizi kama gari lako ni la mizigo au la matembezi.

Land Rover za miaka ya 1960 zilikuwa na dramu kwenye magurudumu yote manne, na mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki. Maana yake ni kwamba mpira mmoja ukipasuka, breki zote zimekwenda. Dramu zikiingia maji ya korongo, nazo hazishiki mpaka zikauke. One Ten, iliyotoka mwaka 1983, ilikuja na diski mbele, na ndiyo sababu wapo wanaotoa ekseli ya mbele ya gari la baadaye na kuipachika kwenye gari la zamani. Ukitaka kutumia fedha zako vizuri, anzia hapo. Badilisha mipira ya breki yote, maana mpira huzeeka hata gari likiwa limelala. Badilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili. Mafuta hayo yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani. Yakishakunywa, hayangoji kupata moto sana ndipo yachemke. Yakichemka katikati ya mteremko, yanatoa mvuke, na pedali inakwenda mpaka chini bila kushika kitu. Dereva aliyefunzwa vizuri analijua hilo, kwa hiyo anashuka kwa gia nzito, anaiacha injini ilizuie gari, na breki anaigusa kwa vipindi.

Baada ya breki, tairi. Tuchukue mfano wa mtu wa Njiro ambaye gari lake lilitoka na tairi za kimo cha inchi 29, naye akaweka za inchi 32. Macho yanapendezwa. Lakini tairi ile imezidi kwa sehemu moja ya kumi hivi, na saa ya mwendo haijaambiwa. Ikisoma 80, gari liko kwenye 88. Kwenye kibao cha 50, naye akidhani yuko 50, yuko 55. Askari wa tochi hatamwelewa, lakini hilo la askari ni dogo. Kubwa ni kwamba mwendo ukiongezeka kwa sehemu moja ya kumi, nguvu inayotakiwa kulisimamisha gari huongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Na breki ni zile zile za tairi ndogo, sasa zinapambana na gurudumu kubwa zaidi na zito zaidi.

Halafu kuna aina ya tairi. Zile za meno makubwa zinafaa kwenye tope la mashamba ya Meru upande wa kusini wakati wa masika. Lakini siku tano kati ya saba gari lako liko kwenye lami, na meno makubwa kwenye lami iliyolowa yana sehemu ndogo ya kushika. Kwa mtu wa mjini na porini, tairi ya meno ya kati ndiyo inayofaa, na ikiwa na upepo unaopaswa. Nalo suala la upepo ni elimu isiyogharimu kitu. Ukizunguka Mlima Meru kwa kaskazini, kupitia Ngare Nanyuki na Oldonyo Sambu, unatoka kwenye migomba na unyevu unaingia kwenye ukavu na vumbi la majivu ya volkano, kwa mwendo wa saa chache tu. Pale penye vumbi zito au mchanga, ukipunguza upepo kutoka paundi 35 hadi 20 hivi, tairi hutanuka na kukanyaga juu badala ya kuchimba. Watu wengi wanaokwama hawakukosa loki ya difu wala winchi, walikosa kupunguza upepo. Lakini ukifika lami, rudisha. Tairi laini kwenye lami kwa mwendo wa kasi hupata moto na kupasuka. Kwa hiyo pampu ndogo ya upepo ni kifaa cha lazima kuliko taa sita za kumulika.

Tuje kwenye kulipandisha gari. Kulipandisha kwa sentimita 5, kwa springi mpya na shokapu zinazolingana nazo, ni jambo linalokubalika, na kwa gari lenye springi zilizolala huwa ni kulirudishia tu kimo chake. Lakini wapo wanaotaka sentimita 10 na 15. Hapo pembe ya propela shafti inabadilika na inaanza kutetemeka. Usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga barabarani. Mpira wa breki uliokuwa unatosha sasa unavutika kila gurudumu linaposhuka kwenye shimo, mpaka siku unapokatika. Na zaidi ya yote, gari limekuwa refu kwenda juu huku upana wake ni ule ule. Mama mzazi mwenye mtoto mgongoni anajua kwamba mzigo ukiwa juu, hupaswi kugeuka ghafla. Bodaboda ikikatiza mbele yako pale Sanawari, utageuka ghafla.

Hapo hapo tuseme juu ya keria. Hebu tuhesabu pamoja. Matairi mawili ya spea pamoja na rimu zake ni kilo 70 au zaidi. Madumu manne ya dizeli ya lita 20 ni kilo 80 hivi. Jeki ndefu, koleo, hema na turubai ni kilo 60. Jumla imepita 200, na keria yenyewe ya chuma hatujaihesabu. Huo ni uzito wa watu wazima watatu waliokaa juu ya paa, wakayumba pamoja na gari kwenye kila kona. Vitu vizito vishushwe. Tairi moja liende mlangoni nyuma, madumu yafungwe chini ndani ya bodi, juu pabaki hema na mikeka. Na wanaoingia Hifadhi ya Arusha au Serengeti wakumbuke kwamba ada ya gari huenda na uzito wa gari tupu. Chuma usichokihitaji utakilipia getini.

Kuhusu mkonga, nina neno la kusema, maana kifaa hiki kimekuwa jina la gari. Mkonga una kazi mbili. Ya kwanza ni kuvuta hewa kutoka juu, ambako vumbi ni kidogo kuliko usawa wa boneti. Ya pili ni kuzuia injini isinywe maji ukivuka korongo. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, yanapinda mikono ya pistoni kwa pigo moja. Lakini mkonga wenye kiungo kinachovuja ni pambo. Jaribio ni rahisi: injini ikiwa inanguruma taratibu, ziba mdomo wa mkonga vizuri kwa kitu bapa na imara. Injini ikizima, mkonga ni mzima. Ikiendelea kunguruma, inavuta hewa mahali pengine, na mahali hapo ndipo maji yatakapopita.

Na hata mkonga ukiwa mzima, haulifanyi gari kuwa mtumbwi. Difu iliyopata moto ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia kitundu chake cha kupumulia. Baada ya majuma machache mafuta ya difu yanakuwa meupe kama maziwa, na bearingi zinaanza kulia. Dawa yake ni mpira mwembamba uliounganishwa pale penye kitundu na kupandishwa juu mpaka usawa wa boneti. Gharama yake ni ndogo mno, na hauonekani. Labda ndiyo sababu magari mengi yenye mkonga hayana mpira huo.

Na makorongo yetu hayana subira. Mvua inaweza kunyesha mlimani, nawe chini umesimama kwenye jua, na maji yakakufikia rangi ya kahawa yakiviringisha mawe. Mahali usipoweza kupita kwa miguu, usipite kwa gari. Ngoja. Maji ya korongo hupita yenyewe.

Sitasema mengi juu ya ngao na taa. Ngao ya chuma nzito hukandamiza springi za mbele, na ikimgonga mtu haina huruma. Umoja wa Ulaya ulipitisha masharti makali juu ya ngao za namna hiyo mwaka 2005, kwa ajili ya waenda kwa miguu. Sisi ambao barabara zetu zimejaa waenda kwa miguu, wanafunzi na mifugo tungepaswa kuwa wa kwanza kulifikiria. Na taa za kumulika ni za porini. Anayeziwasha usiku kwenye barabara ya Moshi anampofusha mwenzake anayekuja mbele, na mtu aliyepofushwa anakuja upande wako.

Sasa nifike kwenye gari lililorefushwa, maana hilo linabeba watu wengi. Kukata chesisi na kuiunga si dhambi. Kazi ikifanywa na fundi anayejua kuchomelea, akaweka plati za kuimarisha ndani na nje, akazichonga ncha zake kwa mshazari ili nguvu isikusanyike mahali pamoja, chesisi itadumu. Lakini mshono uliochomwa haraka, kisha ukafunikwa kwa rangi nyeusi, hauonyeshi kitu mpaka barabara yenye mawimbi kama bati iutikise kwa miezi. Ufa huanza mwembamba kama unywele. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari ukuta huo unaweza kuwa kaburi. Gari lililorefushwa lilazwe na kukaguliwa mishono yake kila baada ya msimu, likiwa limeoshwa.

Na mikanda ya viti, ndugu msikilizaji, hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kiti kipya kimewekwa, kimeshonwa ngozi nzuri, mkanda upo na unafungika. Lakini umeshikwa wapi? Bolti ikiwa imepitishwa kwenye bati la bodi peke yake, siku ya ajali mwili wa mtu unaotupwa mbele unaivuta bolti ile na inatoka na kipande cha bati. Mkanda ule ulikuwa umemdanganya abiria. Bolti ya mkanda inapaswa kushika kwenye plati nene ya chuma iliyoungwa kwenye chesisi au kwenye nguzo ya bodi. Inama, tia mkono chini ya kiti, papasa. Ikiwa kuna bati tu, kataa kulipokea gari. Na kumbuka kwamba msimu wa wageni ukipungua, Aprili na Mei, baadhi ya magari hayo hayo hubeba watoto wetu kwenda shule.

Hayo yote yananifikisha kwenye karatasi. Kadi ya gari imeandikwa namba ya injini, namba ya chesisi, rangi, idadi ya viti na uzito. Ukitoa injini ya Land Rover ukaweka ya Toyota, kama wengi wanavyofanya, ukarefusha chesisi, ukaongeza viti, kadi yako sasa inazungumzia gari jingine. Hapana budi mabadiliko yaende Mamlaka ya Mapato yakaandikwe, na kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi. Usipofanya hivyo, siku ya ajali utaanza kubishana na bima wakati mgonjwa yuko wodini. Na ile stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama isiwe ya kununua amani na askari, iwe ni ushahidi kwamba gari limekaguliwa kweli.

Lakini nina pendekezo jingine, nalo ni la Arusha yenyewe. Mafundi wetu wana ujuzi, na kinachokosekana ni cheti cha kazi. Ukipeleka suti kwa fundi cherehani unapewa risiti, lakini gari linakatwa vipande viwili na kuungwa, na mwenyewe anaondoka bila hata mstari mmoja wa maandishi. Napendekeza kila gari linalorekebishwa liondoke gereji na karatasi inayosema: nini kimekatwa, nini kimeungwa, kwa plati ya unene gani, mikanda imeshikwa wapi, gari lina uzito gani baada ya kupimwa kwenye mizani, na breki zimejaribiwa vipi likiwa limebeba mzigo wake. Chuo cha Ufundi Arusha kipo hapa hapa tangu mwaka 1978, na kinafundisha ufundi wa magari. Kingeweza kukaa na mafundi wa mitaani, polisi wa usalama barabarani na wenye kampuni za utalii, wakakubaliana karatasi hiyo iweje. Fundi mzuri hatapoteza kitu, bali atapata jina. Atakayeikimbia ni yule ambaye kazi yake inaishi chini ya rangi nyeusi.

Wapo watakaosema gharama zitapanda. Ni kweli, zitapanda kidogo. Lakini mwenye gari ambaye ana fedha za mkonga, ngao, keria na taa sita hawezi kutuambia kwamba hana fedha za mipira ya breki.

Kwa hiyo, wewe uliyenunua gari kuukuu na unataka likufae mjini na porini, nakupa mpangilio huu uuandike kwenye karatasi kabla hujaenda kwa fundi. Kwanza chesisi. Pili breki. Tatu usukani, bushi na bearingi. Nne rejeta na mipira ya maji. Tano tairi za meno ya kati na pampu ya upepo. Sita springi na shokapu, bila kupita sentimita 5. Saba mipira ya kupumulia difu, kisha mkonga. Mengine yote yangoje, na ukifika hapo huenda ukagundua kwamba huyahitaji.

Mpaka wiki ijayo, ndugu msikilizaji, nakutakia safari njema, iwe ya kwenda Kilombero sokoni au ya kwenda Natron. Shukeni kwa gia nzito. Kwaherini.